Shajara ya mradi: historia ya Safaricom, kutoka sekunde hadi Fuliza

Februari, mwanzo wa kazi

Kazi imeanza rasmi. Tunaandaa historia ya Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, kwa Kiswahili, ya kusikilizwa kwa vipindi, na mimi ndiye mwandishi. Dada mhariri anasimamia tarehe na takwimu, na kijana wa sauti anangoja maandishi aanze kurekodi. Shajara hii ni ya kuhifadhi maamuzi: tulichochagua, tulichoacha na kwa nini, maana baada ya miezi michache kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake.

Muhtasari wa kwanza umefuata wakurugenzi. Michael Joseph kuanzia 2000 hadi 2010, Bob Collymore kuanzia Novemba 2010 hadi alipofariki tarehe 1 Julai 2019, Joseph tena kwa muda, kisha Peter Ndegwa kuanzia Aprili 2020, Mkenya wa kwanza kukabidhiwa kiti hicho. Mpangilio huu ni rahisi mno na ndiyo sababu siuamini. Historia ya kampuni ikiandamana na wakubwa wake hugeuka mfululizo wa hotuba na picha za kukata utepe. Tutaufanyia kazi hadi tupate ulio bora.

Februari: kabla ya jina lenyewe

Nimekaa sana kwenye miaka ambayo kampuni haikuwepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu liligawanywa, na Kenya ikabaki na lake, KP&TC, ambalo watu waliliita tu Posta na Simu. Shirika hilo lilikuwa mwenye nyaya, mwenye mitambo, mwenye vibanda vya simu za sarafu, mwenye stempu, na juu ya hayo msimamizi wa biashara aliyoifanya mwenyewe. Aliyetaka simu nyumbani alijaza fomu akangoja, na kungoja huko kulihesabiwa kwa miaka.

Mwaka 1993 shirika likaanzisha huduma ya simu za mkononi kama idara yake. Mtandao ulikuwa wa analogi, mfumo wa ETACS. Kijana wa sauti akauliza swali ambalo msikilizaji naye atauliza: ilitofautianaje na simu ya leo? Nimeandika hivi: simu ya ETACS haikuwa na laini ya kuchomoa. Namba ilifungwa ndani ya kifaa chenyewe, na sauti ilipita hewani bila kufumbwa, kiasi kwamba mtu mwenye redio inayofaa angeweza kusikiliza mazungumzo ya mheshimiwa akiwa amekaa sebuleni kwake. Bei yake ilikuwa ya mawaziri na wenye makampuni. Mwaka 1996 mtandao ukahamia GSM, mfumo wa dijitali wenye kadi ya laini. Katika rasimu nimelipa jambo hili aya nzima, kwa sababu ni hiyo kadi ndogo iliyokuja kubeba menyu ya M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, miaka kumi na moja baadaye.

Tarehe 3 Aprili 1997 Safaricom ikasajiliwa kuwa kampuni. Sheria ya Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 ikaipasua Posta na Simu: Telkom Kenya ikachukua simu, shirika la Posta likabaki na barua, na Tume ya Mawasiliano, CCK, ikapewa usimamizi. Leseni ya Safaricom ilitoka 1999. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikaingia na asilimia 40 pamoja na usukani wa uendeshaji, na Telkom, yaani serikali, ikashika asilimia 60.

Maoni ya mhariri pembeni ya ukurasa: "Kaka, sema waziwazi ni mtoto wa shirika la umma." Ana haki. Wapo wanaoamini Safaricom ilikuja na ndege kutoka Ulaya, na wapo wanaoamini ilianzishwa na tajiri fulani wa Nairobi. Kipindi cha kwanza kitatamka hilo bila kuzunguka: minara ya mwanzo, wahandisi wa mwanzo na masafa ya mwanzo vilitoka mfukoni mwa mlipa kodi.

Februari, mwishoni: sekunde

Mwaka huohuo wa 2000 Kencell ilifungua milango, ubia wa Vivendi ya Ufaransa na kundi la Sameer la Naushad Merali. (Kwa msikilizaji kijana: Kencell iligeuka Celtel mwaka 2004, Zain 2008, Airtel 2010. Kampuni iliyobadilisha jina mara tatu ndani ya miaka kumi inatosha kuwa mradi mwingine.) Nchi ikagawanyika kati ya 0722 na 0733.

Kencell ilitoza kwa dakika. Safaricom ilitoza kwa sekunde. Nimeandika ukurasa mzima juu ya sentensi hizo mbili na bado naona hautoshi.

Chukua simu ya kawaida kabisa: "Nimefika stage, nakuona, nakuja." Hiyo haizidi sekunde tisa. Kwa mtandao wa dakika, mpigaji amelipa sitini: tisa alizozungumza na hamsini na moja za kimya. Kwa mtu ambaye kampuni inamlipia simu, tofauti hiyo haina maana, na Kencell ililenga watu wa aina hiyo. Kwa fundi, kwa mama mboga, kwa kondakta anayemuuliza mwenzake kama askari wako barabarani, hizo hamsini na moja ndizo zinazoamua kama anunue laini hii au ile. Bei kwa dakika ilikuwa inamuuliza mteja kama ana hela. Bei kwa sekunde ilimuuliza ana neno gani la kusema.

Michael Joseph aliwahi kusema hadharani kwamba Wakenya wana tabia za kipekee za kupiga simu, na maneno hayo yakamfuata hadi alipostaafu. Watu walikasirika, wakacheka, kisha wakayafanya utani wa taifa. Mimi naona tabia hizo zilikuwa hesabu tupu. Ukiuziwa sekunde, utapiga simu za sekunde, tena nyingi, tena zote Ijumaa jioni.

Alipochukua kazi, wateja walikuwa chini ya 20,000. Alipoondoka mwaka 2010 walikuwa zaidi ya milioni 16.

Machi: mpangilio mpya

Tumekutana sote watatu kuhusu mpangilio. Nilileta hoja kwamba tuachane na wakurugenzi na tufuate kitu kilichouzwa. Kila mara kampuni hii ilipopiga hatua kubwa, ilikuwa imechukua kitu kilichouzwa kwa bonge na kukikatakata hadi kimtoshe mwenye shilingi ishirini. Kwanza dakika ikawa sekunde. Kisha kadi kubwa ya kukwaruza ya kredo, yaani muda wa maongezi, ikawa Bamba, kadi ndogo. Halafu uhamisho wa fedha, ambao benki iliuona wa maana ukiwa mkubwa, ukawa wa shilingi mia. Hata umiliki wa kampuni ukakatwa vipande vya shilingi tano. Na mwishowe deni.

Mhariri akapinga kidogo: "Na mtandao wenyewe? Minara haikatwi vipande." Kweli. Minara, nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009, leseni, hayo yote ni mabilioni ya mara moja. Tumekubaliana kwamba hilo ndilo linalofanya hadithi iwe na mvutano: gharama inakuja kwa bonge, mapato yanakuja kwa chenji. Kampuni inayotegemea chenji inahitaji watu wengi mno, na mapema. Kipindi cha pili kitajengwa juu ya hilo.

Wakurugenzi wanabaki, ila kama watu wanaopita ndani ya hadithi.

Machi: kadi, sambaza, flashi

Sehemu hii imeandikika yenyewe kwa sababu hakuna Mkenya wa umri wangu asiyeijua. Kadi ya kukwaruza kwa ukucha au kwa sarafu. Kuflashi: unapiga, inalia mara moja, unakata, na mwenzako anajua maana yake kulingana na mlivyoagana. Kampuni ingeweza kulichukulia kama wizi wa huduma, kwa vile mtambo ulifanya kazi na hakuna aliyelipa. Badala yake ikaweka ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa, mtambo ukapumua na yule mwenye kredo akapiga. Sambaza nayo ikamruhusu mtu kumkatia mwingine kredo kutoka kwenye yake.

Nasisitiza Sambaza kuliko wengine walioandika habari hizi. Kabla ya M-Pesa, kredo ilikuwa tayari inatumwa mashambani, na ndugu aliyeipokea angeweza kumuuzia jirani akabaki na noti. Watu walishajifunza kwamba thamani inaweza kuondoka kwenye simu moja ikatua kwenye nyingine.

Machi, mwishoni, hadi katikati ya Aprili: M-Pesa

Hiki ndicho kipindi kirefu kuliko vyote na kimekatwa mara nyingi. Naweka hapa mambo yaliyobaki baada ya makasi.

Wazo la mwanzo lilikuwa la mikopo midogo. Nick Hughes wa Vodafone aliomba ruzuku ya kushindaniwa kutoka idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, DFID, akapata karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaongeza ya kwake. Susie Lonie akaja Kenya kusimamia jaribio. Lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, likiwa na wateja chini ya 500, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu na benki ya Commercial Bank of Africa. Mpango ulikuwa mwanachama wa kikundi apokee mkopo kwa simu na aulipe kwa simu.

Kilichotokea ni kwamba wateja wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Walitumiana fedha. Walimnunulia kredo mtu aliye mbali. Walilipiana mikopo. Wengine waliweka fedha kwa wakala asubuhi kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili majambazi wa njiani wasikute kitu mfukoni. Faulu nayo ikaona hesabu zake haziendani na mfumo mpya, na kwamba mtu akilipa kwa simu hana haja ya kuja mkutanoni, wakati mkutano ndio unaomfanya kila mwanakikundi amwangalie mwenzake machoni. Mikopo ikaondolewa kwenye mpango. Kikabaki kile ambacho watu wenyewe walikuwa wameshakichagua: kutuma pesa nyumbani.

Huduma ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007. Benki Kuu ilikuwa imetoa barua ya kutopinga mwezi uliotangulia. Kabla mwaka haujaisha wateja walipita milioni moja.

Kijana wa sauti alitaka tueleze mtambo kwa lugha ya mtu wa kawaida, na nadhani sehemu hii ndiyo bora ya mradi mzima. Menyu ya M-Pesa ilikaa kwenye kadi ya laini, si kwenye simu, kwa hiyo simu ya bei ya chini kabisa ilitosha. Ilibidi ubadilishe laini ya zamani upewe mpya. Ulichagua kutuma, ukaandika namba, kiasi, namba ya siri ya tarakimu nne, na ujumbe ukaondoka umefumbwa. Kisha mjumbe wa kweli anafika: ile SMS ya uthibitisho, kwako na kwa mpokeaji. Mtu aliyezoea risiti ya karatasi alikubali SMS kuwa risiti, na hilo pekee lilikuwa badiliko kubwa.

Nyuma ya pazia, kila shilingi iliyomo kwenye simu ina shilingi ya kweli iliyolala benki katika akaunti ya amana, ambayo Safaricom haiwezi kuitumia kuendeshea biashara yake. Wakala hununua floti, yaani anaweka fedha benki na kupata thamani hiyo kwenye laini yake ya kazi. Mteja akiweka, wakala anapokea noti na floti inapungua. Mteja akitoa, noti zinatoka na floti inaongezeka. Sasa angalia mwelekeo wa nchi: fedha hutoka mjini kwenda mashambani. Kwa hiyo wakala wa mjini anaishiwa floti huku droo imejaa noti, na wakala wa kijijini ana floti tele huku droo ni tupu na mstari wa wazee unangoja. Kila siku mtu fulani lazima apande gari na bunda la noti kwenda kusawazisha. Wanaosifu M-Pesa kuwa pesa isiyosafiri wamesahau msafiri huyu.

Ada ya mwanzo ilikuwa shilingi 30 kutuma kiasi chochote kati ya 100 na 35,000 kwa mteja aliyesajiliwa. Anayetuma 35,000 hakuihisi. Anayetuma 100 alilipa karibu theluthi, na bado alituma, kwa sababu njia nyingine ilikuwa dereva wa basi na bahasha. Baadaye ada zikapangwa kwa ngazi kulingana na kiasi.

Tulibishana kuhusu ile simulizi inayozunguka kila mwaka, kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi wa chuo kikuu akanyang'anywa. Nilitaka kuiacha kabisa. Mhariri akasema msikilizaji ataingoja, na tusipoigusa atadhani tumeikwepa. Tumeamua kuigusa kwa maneno machache: kumbukumbu zilizopo zinaonyesha ombi la Hughes, fedha za DFID na jaribio la 2005. Kisha tunarudi kwa wateja wa Thika, ambao mchango wao ni mkubwa na hakuna anayewadai hakimiliki.

Mambo mawili zaidi yamebaki kwenye kipindi. La kwanza ni ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Barabara zilifungwa, maduka na benki zikafungwa, na watu waliokwama walitumiwa fedha na kredo kwa simu. Hilo liliifanya M-Pesa ijulikane haraka, na sijapenda kulisimulia kwa sauti ya ushindi. Nimelisimulia kwa ufupi. La pili ni Desemba 2008, kaimu Waziri wa Fedha John Michuki alipoagiza huduma ikaguliwe, wakati ambapo benki zilikuwa zimeanza kuhisi ardhi inasogea. Mwezi uliofuata Hazina ikatoa taarifa kwamba iko salama.  Baadaye benki zenyewe zilikuja kuomba kuunganishwa.

Na kitu ambacho kinawashangaza wengi ninaowaambia: kwa miaka mingi mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani, ikahamishiwa Kenya mwaka 2015, na jina lenyewe lilikuwa mali ya Vodafone hadi Aprili 2020, Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilipolinunua kwa pamoja. Neno la Kiswahili lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa linalipiwa ada nje ya nchi.

Aprili: hisa za shilingi tano

Rasimu imekamilika kwa haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu takwimu zenyewe zinasimulia.

Kwanza ilibidi nieleze ujanja wa 2007. Serikali ilitaka kuiuza Telkom, lakini Telkom ndiyo iliyoshika asilimia 60 za Safaricom. Hisa hizo zikahamishiwa Hazina, na Desemba mwaka huo France Telecom ikanunua asilimia 51 ya Telkom kwa dola milioni 390. Mama akaposwa bila mwanawe.

Kisha ukaja mwaka 2008. Serikali ikauza robo ya Safaricom kwa umma: hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja, kuanzia mwisho wa Machi hadi tarehe 23 Aprili. Walioomba walikuwa takriban 860,000, na maombi yakafika asilimia 532 ya kilichokuwepo. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vurugu wiki chache tu kabla. Watu walipanga foleni kwa mawakala wa hisa kama walivyopanga foleni kupiga kura, wengine wakiwa na fedha walizokopa benki kwa ajili hiyo.

Hapa hoja yangu ya vipande ilipata mtihani. Bei ilikuwa shilingi tano, lakini hukuweza kununua moja. Kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Na kwa kuwa maombi yalizidi mara tano, mwombaji mdogo alipewa sehemu tu ya alichoomba na kungoja kurudishiwa iliyobaki, huku riba ya benki ikikimbia. Soko lilifunguliwa kwa hisa hizo tarehe 9 Juni. Zilipanda kwanza, na kufikia 2009 zilikuwa zimeshuka chini ya zile shilingi tano. Kampuni yenye hisa bilioni 40 haipandi kwa kuruka. Wengi waliuza kwa hasira. Waliosahau vyeti vyao kabatini ndio waliokuja kucheka miaka ya baadaye, wala hawakuwa na hekima yoyote ya ziada.

Tumebishana pia kuhusu Mobitelea, kampuni iliyosajiliwa Guernsey ambayo ilikuwa na hisa kupitia Vodafone Kenya bila umma kujua wenyewe ni kina nani, na ambayo Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Umma iliihoji mwaka 2007. Nilitaka kipindi kizima. Mhariri akaniuliza nina nini cha kujaza kipindi kizima zaidi ya uvumi. Imebaki dakika tatu.

Mei: vita vya bei

Fupi. CCK ilipunguza ada ya kuunganisha mitandao, ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu zake, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na Agosti 2010 Zain ikashusha simu hadi shilingi 3 kwa dakika, kwenda mtandao wowote. Safaricom ikalazimika kufuata. Collymore, mzaliwa wa Guyana, alichukua kiti Novemba mwaka huo vita vikiwa vimepamba moto.

Kwa nini wateja hawakuhama? Wengine walihama nusu: simu ya laini mbili, moja ya kupigia kwa bei nafuu na nyingine ya kupokelea pesa. Hukuweza kumwambia mama kijijini abadilishe laini wakati wakala wa pekee sokoni ana bango la kijani la M-Pesa. Bei ya kuzungumza ilikuwa imeacha kuwa silaha. Mdhibiti, yaani CCK, alikuwa ameshughulikia silaha iliyokwisha kuwa butu.

Mei, mwishoni: deni

Kipindi hiki kimenisumbua kuliko vingine, kwa sababu hapa msikilizaji hasikilizi historia. Anasikiliza simu yake.

Okoa Jahazi ilianza na kredo: unakopeshwa, unakatwa asilimia 10, na ukiweka kredo tena deni linachukua chake kwanza. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, pamoja na Commercial Bank of Africa: akiba na mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, bila dhamana, bila mdhamini, bila kuvaa koti kwenda kumwona meneja. Historia yako ya kutumia simu ndiyo iliyosimama badala ya hati ya shamba. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo ukishajiunga haikungoji uombe kila mara. Unalipa dukani, salio halitoshi, kilichopungua kinajazwa, na kuanzia hapo ada inahesabiwa kwa siku. Ada hizo zilipunguzwa mwaka 2022.

Huu ndio ukataji mdogo kuliko wote. Deni la shilingi mia mbili za unga, linalolipwa jioni pesa zikiingia. Watetezi wake wanasema limeziba pengo ambalo zamani lilizibwa na daftari la dukani, na wakosoaji wanasema mwenye duka alikujua na angekuonea huruma, lakini mtambo unakata tu. Nimeweka pande zote mbili, na nimeweka wazi ninakoegemea: mkopo unaoingia bila kuombwa unamfundisha mtu kutotazama salio lake. Mhariri ameacha sentensi hiyo ibaki, ila ametaka isomwe kwa sauti yangu mwenyewe, nisimwachie msimulizi.

Hapo hapo nimeingiza Machi 2020. Korona ilipoingia, ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 iliondolewa, na kiwango cha juu kwa muamala kikapandishwa kutoka 70,000 hadi 150,000. Msamaha huo ulidumu hadi mwisho wa Desemba mwaka huo. Kwa miezi hiyo kipande kidogo kilisafiri bure.

Juni: hali ilivyo

Vipindi vya Posta na Simu, sekunde na kadi vimerekodiwa. Cha M-Pesa kimesomwa mara ya kwanza na ni kirefu mno. Kijana wa sauti anapendekeza kukigawa pale jaribio la Thika linapoishia, nami nakubali.

Kipindi cha Ethiopia bado kina mapengo. Leseni ya dola milioni 850 mwaka 2021 kwa muungano unaoongozwa na Safaricom, mtandao kuwashwa Dire Dawa kisha uzinduzi Addis Ababa tarehe 6 Oktoba 2022, M-Pesa kufuata 2023: hayo tunayo. Tunachotaka kuonyesha ni jinsi kampuni iliyolelewa na serikali nyumbani ilivyokwenda kukabiliana na kampuni ya serikali ya nchi nyingine, Ethio telecom, ambayo tayari ilikuwa na telebirr, huduma yake ya pesa kwa simu. Nafasi ya Safaricom imegeuka: kule ndiyo mgeni mwenye minara michache, na hatimaye inajua Kencell ilivyojisikia.

Mhariri anataka kipindi cha hisa kikaguliwe tena kabla hakijarekodiwa, hasa umiliki baada ya 2017, Vodacom ya Afrika Kusini ilipochukua takriban asilimia 35 kutoka kwa Vodafone. Nitamtumia rasimu mpya Jumatatu. Muziki wa kufungulia haujapatikana. Tumekataa pendekezo la kutumia mlio wa SMS, kwa kuwa kila msikilizaji angetoa simu mfukoni.